Sikio la Dada na Miguu ya Shangazi

Dada yangu alitogwa sikio la kushoto peke yake, matundu matatu kwenye ukingo wa juu, pale ambapo sikio si nyama tena ila gegedu. La kulia lilipaswa kungoja mpaka la kushoto lipone. Halikutogwa kamwe.

Tulikuwa tunakaa Tabora, upande wa Gongoni, katika nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa mbele tu. Nyumba ilikuwa ya bibi, mama yake mama. Baba alikuwa fundi katika karakana ya reli, na ingawa ndiye aliyelisha wote, pale alikuwa mkwe. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa maji na moto, na dada alikuwa ameshaposwa. Vita vya pili vilikuwa vimekwisha, na kanga zilikuwa zimeanza kuonekana tena madukani. Ndiyo sababu mama alipenda kusema kwamba dada amezaliwa na bahati, maana wasichana walioolewa wakati wa vita walikwenda kwa waume zao na nguo za kuazima.

Waposaji walitoka Ujiji. Walikuja kwa treni, wanawake wanne waliovaa vizuri, wakakaa barazani kwetu kwa siku mbili wakila na kusifu chakula. Ukoo wao ulikuwa wa zamani katika njia ile ya misafara, na walizungumza juu ya babu zao kana kwamba wametoka tu hapo nje kufunga mizigo. Mmoja wao, shangazi wa bwana harusi, alikaa karibu na bibi. Nilikuwa nagawa kahawa. Nilimwona akiliangalia sikio la bibi, kwanza kwa pembeni, kisha wazi kabisa.

"Bibi," alisema kwa sauti laini, "haya masikio yalitogwa ukubwani, siyo?"

"Yalitogwa nilipotaka," bibi akajibu.

Mama, aliyekuwa anapita na sinia, alisimama. Yule mwanamke akacheka kidogo, akaomba kahawa nyingine, na mazungumzo yakageukia bei ya dagaa.

Ilinichukua miaka kuelewa kilichosemwa pale. Katika miji yote ya njia ile, tangu pwani mpaka ziwani, msichana wa kiungwana alitogwa akiwa mdogo. Gegedu la mtoto ni laini, tundu hukaa sawa na kupona bila alama. Mwanamke aliyetogwa akiwa mtu mzima hubaki na kivimbe kigumu kando ya tundu, kama punje ya mtama. Anayejua kutazama haulizi zaidi. Bibi yangu aliletwa kutoka Manyema kabla hajabadili meno, akakulia katika nyumba kubwa moja ya njia ya Kwihara, akitwanga na kufua. Humo ndani vipuli vya ukingoni vilivaliwa na wenye nyumba. Wajakazi walivaa shanga, wakipewa. Waingereza walipofuta utumwa, bibi alikuwa tayari mtu mzima mwenye binti mkubwa. Alichukua rupia za Mjerumani alizokuwa amezifukia, akampelekea sonara, akayeyushiwa vipuli sita vya fedha, vitatu kila upande. Ndipo akaenda kutogwa. Tundu moja la kulia lilioza na kuchanika, na hapo kipuli kilining'inia kwa uzi aliouzungusha juu ya sikio. Hakuvivua hata akioga.

Sisi hatukuwa tumetogwa juu kwa sababu ya baba. Yeye ni mtu wa Ziba, alikulia misheni, akabadili dini ili amwoe mama, lakini mengine hakubadili. Alisema kutoboa watoto ni kuwaumiza bure. Mama alitutoga ndewe za chini tu, na hata hizo alizitoga baba alipokuwa safarini.

Wageni walipoondoka, bibi alimwita dada.

"Njoo hapa, mke mwenzangu."

Dada alikaa kwenye mkeka. Alikuwa mrefu, mwenye shingo nzuri, na alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja akisikiliza.

"Nataka nikutoge."

"Lakini bibi, mimi nina matundu. Haya hapa."

"Hayo ni ya kutundikia shanga. Mimi nazungumza habari ya sikio."

"Siku hizi hakuna anayetoga juu. Hata kwa Mhindi hawaviuzi tena vipuli. Nitaonekana kama bibi kizee."

"Vyangu havikutoka kwa Mhindi wa duka. Utavivaa hivi hivi." Bibi akagusa kimoja, kikalia. "Unakwenda kukaa na wale wanawake. Mimi sitakuwapo. Watakutazama ukisuka, ukioga, ukila. Nataka wakutazame mpaka wachoke, wasione pa kuingilia."

"Na mimi si mkubwa pia? Si kitatoka kivimbe?"

"Kwako hakitatoka. Langu lilitunzwa na nani? Lako nitalitunza mimi."

Dada alikubali. Aliniambia baadaye kwamba sindano hakuiogopa kama alivyowaogopa wanawake wa Ujiji. Baba alinung'unika, kisha akaacha, kwa kuwa harusi ilikuwa baada ya Ramadhani na palikuwa na muda wa kidonda kupona.

Mtogaji alitoka Kanyenye. Alikuwa mwanamke mnene mwenye pumzi fupi, ambaye wakati ule aliitwa tu kwa vitoto vichanga, ndewe moja moja. Alipoambiwa ni ukingo alifurahi, kama fundi aliyepewa kazi yake ya ujana. Alikuja asubuhi kabla jua halijawa kali. Aliweka alama tatu kwa masizi na ncha ya kijiti, akarudi nyuma kuzitazama, akafuta moja na kuiweka upya. Uzi wa pamba aliupitisha mara nyingi juu ya donge la nta mpaka ukawa mgumu na kung'aa. Sindano aliipitisha motoni. Nyuma ya sikio aliegemeza kipande cha muhogo mbichi, ili sindano ikitoka ipate pa kuchoma.

"Usinitukane," alimwambia dada. "Wote hunitukana kwenye la pili."

"La kwanza je?"

"La kwanza hawana pumzi."

Nilikuwa nimeshika taa, maana chumbani mlikuwa na giza. Sindano iliposhika gegedu nilisikia mlio mdogo, kama ganda la karanga likipasuka. Dada alisema kwake haukuwa mdogo. Ulilia ndani ya kichwa chote. Machozi yalimtoka jicho la kushoto tu. Kwenye la pili hakutukana. Kwenye la tatu alisema, "Bibi, shika mkono wangu," na bibi alikuwa ameshaushika tangu mwanzo. Nyuzi zilikatwa, kila moja ikafungwa kitanzi, na sikio likabaki jekundu na lenye kung'aa, na vitanzi vitatu kama mishono ya mtu asiyejua kushona.

Kuanzia siku ile utunzaji ulikuwa wa bibi, na hakumwachia mtu. Mimi nilichemsha maji, nikayaacha yapoe mpaka yawe ya uvuguvugu, bibi akatia chumvi na kuonja. Alilowesha pamba, akaikandika kwenye matundu mpaka lile gamba la usaha mkavu lilainike. Kabla halijalainika hakuugusa uzi. Aliniambia ukivuta uzi mkavu unalichana tundu upya kila siku na unadhani unalitunza. Likilainika, aliuzungusha kidogo, akapaka mafuta ya karanga. Dada alilala ubavu wa kulia. Hakubeba ndoo kichwani, hakukaribia moshi wa jikoni, hakufunga kanga juu ya sikio.

Na lilikuwapo sharti moja ambalo kwa bibi lilikuwa kubwa kuliko chumvi na mafuta. Mtu aliyetoka safari hakuruhusiwa kumkaribia mwenye kidonda kibichi mpaka alale usiku mmoja na kuosha miguu. Joto la njia, bibi alisema, humfuata mtu kwenye nyayo, na kidonda hulivuta. Hili hakulichukua kwa mtogaji wala kwa mwalimu wa chuo. Alilitoa katika ile safari yake ya utotoni, ambayo hakupenda kuihadithia. Alichosema ni kwamba aliona mabega ya wapagazi na shingo za watu, na kwamba vidonda vilivyokuwa vimekauka kambini viliharibika tena pale kundi jipya lilipowasili. Aliyaona kwa macho yake, naye alikuwa mtoto, na hakuna aliyempa maelezo mengine.

Wiki za kwanza sikio lilikwenda vizuri. Lilikuwa la moto, kisha likapungua. Nyuzi zilianza kuteleza. Bibi aliligeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Hili linakubali," na siku hiyo alimpa dada nyama ya kwenye sahani yake.

Kisha shangazi akaja kutoka Ziba.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, mkulima, mwenye ng'ombe wachache na sauti ya kuwaitia. Kila mwaka baada ya mavuno alipanda lori la mizigo akatuletea samli kwenye kibuyu. Hakujua habari ya sikio. Aliingia kupitia uani, akiwa bado na vumbi mpaka kwenye nyusi, akapaza sauti, "Mwangaluka humu ndani! Mmekufa wote?" Mama alikuwa kisimani. Bibi alikuwa kwa jirani kwenye hitima. Mimi nilikimbia kupokea kibuyu, na nilipofungua mdomo kumwambia asubiri, alikuwa ameshaingia chumbani kwa dada.

"Bi harusi! Mbona unalala mchana kama mwenye homa? Hebu." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika kichwa. "Yesu na Maria! Wamekutoboa kama chekeche. Utachekechea unga?"

Dada alicheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha kweli tangu atogwe, kwa sababu kucheka kulimvuta sikio. Shangazi alishika ukingo kwa vidole viwili, akaupinda mbele kuangalia nyuma yake, akapuliza.

Hapo bibi alirudi. Alisimama mlangoni, akatazama mkono wa shangazi, kisha miguu yake.

"Shikamoo, mama," shangazi akasema akisimama.

"Marahaba. Umefika lini?"

"Sasa hivi. Hata maji sijanywa."

Bibi alimletea maji mwenyewe. Shangazi alikaa kwetu siku chache, akashonewa gauni la kuvaa harusini, akarudi Ziba akiwa na furaha. Alipoondoka, sikio lilikuwa limeanza kuvimba.

Nimelifikiria jambo hili kwa mpangilio mara nyingi. Sindano ilikuwa moja kwa matundu yote, na kati ya la pili na la tatu ilidondoka mkekani, ikafutwa kwa kanga. Hilo nililiona. Maji yalichemshwa, lakini pamba ilikaa ndani ya kikopo kisicho na kifuniko. Dada alikuwa anageuka usingizini. Asubuhi mbili tatu nilimkuta amelilalia. Shangazi alilishika kwa mkono uliotoka kwenye lori. Na matundu yalikuwa ya gegedu, na gegedu halina damu ya kutosha kujitetea; hilo nililisikia miaka mingi baadaye. Lolote kati ya haya lingeweza kutosha. Sijui ni lipi, na waliobaki hai hawajui. Bibi alijua siku ile ile.

"Ni mguu," alisema.

Uvimbe ulianza tundu la katikati, ukaenea mpaka mikunjo ya sikio ikapotea, sikio zima likawa kama andazi. Mama alisema wampeleke hospitali, Kitete. Si mbali, ni mwendo wa kuchoka kidogo. Bibi akakataa. Kidonda kilichoingiwa na mguu, alisema, kikiguswa na kisu kabla mguu haujatolewa, hukimbilia ndani, na hiki kingekimbilia kichwani. Mwenye mguu alipaswa aje aoshe miguu yake kwenye beseni, achote maji yale kwa mkono wake, ayanyunyize kwenye kidonda na kusema kwamba hakukusudia. Baada ya hapo, wapeleke popote.

"Mama, Ziba si hapa," mama akasema.

"Basi mtu aondoke leo."

Baba hakuamini neno hata moja. Nilimsikia akibishana na mama uani kwa sauti ya chini.

"Huyu mtoto anaoza, sisi tunakwenda kutafuta miguu?"

"Nyumba ya nani hii?"

"Najua nyumba ya nani."

"Ukimpeleka kwa nguvu, na likaharibika, mama atasema ni wewe. Usipomleta dada yako, atasema ni yeye. Mpaka tunakufa itakuwa ni yeye."

Baba akaomba ruhusa kazini, akaenda kutafuta lori. Nadhani hakwenda kwa ajili ya sikio. Alikwenda kwa ajili ya jina la dada yake, na kwa kufanya hivyo alichukua siku ambazo sikio lilizihitaji.

Shangazi alikataa. Baba alitusimulia baadaye jinsi alivyoacha jembe shambani, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi nimebatizwa. Nikaoshe miguu mbele za watu kama mchawi aliyekamatwa?" Alikataa siku ya kwanza, na kesho yake pia. Alipokubali, mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, na mbuga ya udongo mweusi ikawa imelishika kila gari. Walikwama njiani, wakalala kwenye kijiji cha watu wasiowajua, wakasukuma lori pamoja na abiria wengine.

Kwetu tulikuwa tunangoja. Sijawahi tena kungoja kama vile. Bibi aliendelea na maji ya chumvi, asubuhi na jioni, kwa uangalifu ule ule, kana kwamba anatunza nyumba ambayo mwenyewe yuko njiani anarudi. Nyuzi zilizama ndani ya uvimbe. Mtogaji wa Kanyenye aliitwa. Alitazama kutoka mlangoni, akasema amesahau kitu nyumbani. Ngozi ikaanza kuachana na gegedu, na kati yake palikuwa na kitu laini kilichotikisika ukikigusa. Dada aligeukia ukutani. Hakulia. Alikuwa amefikia pale ambapo mtu huongea tu akiulizwa, lakini siku moja aliuliza yeye.

"Linanuka?"

"Kidogo."

"Sema kweli."

"Linanuka."

"Bibi analisikia?"

Bibi alikaa mle ndani mchana kutwa. Alikuwa analisikia kuliko sisi wote, maana harufu ile aliifahamu tangu njiani.

Walifika alasiri, mvua ikinyesha. Beseni lilikuwa mlangoni tangu siku baba alipoondoka. Shangazi aliingia uani akiwa na matope mpaka magotini, amembeba Bikira Maria wake shingoni kwenye kamba, na hakupaza sauti. Mama alimpokea: "Pole na safari, wifi." Shangazi alilitazama beseni, akamtazama bibi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda.

"Mama, mnanijua mimi mtu wa namna gani?"

"Nakujua mtu mzuri," bibi akasema. "Mguu hauulizi uzuri."

Shangazi aliinama. Aliosha mguu mmoja, kisha wa pili, polepole, akisugua katikati ya vidole, na maji yakawa meusi. Majirani wawili walikuwa wamesimama kwenye uzio. Alichota yale maji kwa kiganja, akaingia chumbani, akayanyunyiza kwa mbali, juu ya kanga, si juu ya kidonda. Nililiona hilo. Bibi hakuliona, au aliliacha.

"Sikukusudia," shangazi alisema. Kisha akainama karibu, akanusa, akasimama wima.

"Nimeshaosha. Mlichotaka nimekifanya. Sasa huyu anakwenda Kitete, na anayetaka kunizuia asimame hapa."

Hakuna aliyesimama. Baba alimweka dada kwenye baiskeli, akaisukuma kwenye matope, shangazi akimshika kiuno, nami nyuma na mwavuli ambao haukumfunika mtu.

Dresa aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Alifungua kitambaa, akakunja uso kidogo tu, akauliza lilianza lini. Baba akamwambia.

"Siku zote hizo? Mlikuwa mnangoja nini?"

"Walikuwa wananingoja mimi," shangazi akasema.

Lilipasuliwa jioni ile ile. Walitoa usaha, na pamoja nao vipande vyembamba vyeupe vya gegedu lililokufa, kama maganda ya yai. Dada alichomwa sindano nyingi na kulazwa. Hakufa, na homa ilipoondoka tuliambiwa tushukuru, tukashukuru. Shangazi alilala naye hospitali mpaka homa iliposhuka. Kisha akaondoka kwenda Ziba moja kwa moja, bila kupitia nyumbani. Samli haikuja tena. Baba ndiye aliyekuwa akienda kumwona, peke yake.

Sikio lilipona kwa kukunjamana. Bila gegedu halikuwa na cha kulishikilia, likajikusanya juu kama uyoga uliokauka, ncha ikaangalia mbele. Dada aliporudi, bibi alimwomba avue kitambaa. Alimkalisha kwenye mwanga wa dirisha, pale pale alipozoea kulikagua, akatazama kwa muda mrefu bila kugusa.

"Langu lilikuwa linasema kidogo," bibi akasema. "Hili linasema yote."

Baada ya maneno hayo hakuzungumzia sikio tena, wala hakumwita dada mke mwenzake. Alihamishia mkeka wake upande mwingine wa ua. Mama alidhani ni hasira. Mimi nilimwona mara kadhaa akinyanyuka kama mtu anayetaka kwenda alipo dada, kisha akakaa.

Harusi haikuvunjwa. Wanawake wa Ujiji walikuja, wakaona, wakaulizana kwa macho. Mama aliwaambia ni jipu lililopasuliwa, na wakasema, "Maskini, pole," kwa sauti moja. Dada alipambwa, akafunikwa vizuri upande wa kushoto, akapanda treni ya Kigoma na mumewe. Bibi hakwenda stesheni. Alisema miguu inamuuma. Alifariki mwaka uliofuata, dada akapata habari akiwa mjamzito na hakuruhusiwa kusafiri.

Nilikwenda Ujiji kumwona mtoto alipokuwa ameanza kukaa. Nyumba ilikuwa kubwa, yenye vyumba vingi kuzunguka ua mmoja, na wanawake wengi kuliko kazi. Mume alikuwa mtu mtaratibu, mara nyingi hayupo. Dada alikuwa amenenepa kidogo. Nywele alizisuka zikashuka upande mmoja. Tulikaa uani tukichambua mchele, akaniuliza habari za Tabora, baba, mama, na shangazi, kama bado yu hai. Nikamwambia yu hai, na ng'ombe wake wameongezeka.

"Unasikia vizuri?" nilimuuliza. Sikuwahi kumuuliza.

"Kama zamani. Dresa alisema sikio lenyewe liko ndani." Alipuliza makapi. "Lakini wao hawajui."

"Nani?"

"Hawa." Hakuinua uso. "Wanadhani limekufa. Wakitaka kunisema wanakuja kukaa upande huu."

"Wanasema nini?"

"Habari za bibi. Alitoka wapi, alinunuliwa na nani, alifua nguo za nani. Wanajua hata mengine ambayo mimi siyajui. Walijua kabla hawajaja kuposa."

Nilikaa na ungo magotini. Nilimwambia awaambie basi, awaambie anasikia, waone haya.

"Nikiwaambia watahamia wapi?" dada akasema. "Sasa angalau najua wanapokaa."

Mwanamke mmoja alitoka jikoni akiwa na kibao chake cha kukunia nazi, akatusalimu kwa uchangamfu, akamsifu mtoto. Kisha akazunguka nyuma yetu, akakiweka kibao upande wa kushoto wa dada, akakikalia, akamwita mwenzake aje.